Mzee Aliyehama Benchi

Khadija anasema yule mzee alinikimbia.

Anasema yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vitambaa, anachagua leso, alipoona mzee mwenye kofia ya kahawia akiinuka ghafula kando yangu kama mtu aliyekalia siafu. Anasema mzee alikitupa kiondo changu chini, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho, akanipa mgongo, na hata mandazi lake akaliacha mezani limeumwa nusu. Anasema mimi nilibaki pale nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeambiwa alete mzazi shuleni.

Hivyo ndivyo alivyowaambia wanawake wa uani kwa mama mkwe wake jioni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa nusu, nasikia kila kitu.

"Wallahi, kamkataa hadharani! Mbele ya watu wa stendi! Hata chakula kimemshinda."

Mmoja akauliza kama nililia.

"Hakulia," Khadija akasema. "Yule halii. Yule hutazama tu."

Hilo la mwisho ni kweli. Na hayo mengine pia aliyaona, benchi na kiondo na mgongo. Khadija si mwongo. Ila amezaliwa Mombasa, na kuna mambo ya kwetu ambayo mtu akiyatazama kutoka ng'ambo ya barabara huyaona kinyume.

Mimi na Khadija tunaishi ploti moja Athi River, milango imeangaliana. Mume wake, Ramadhan, ana bucha karibu na reli. Mume wangu, Festus, anakata mawe ya kujengea kwenye machimbo ya Lukenya. Nasema mume wangu kwa sababu nampikia na kumfulia, na tumekaa pamoja tangu msimu wa maembe wa mwaka juzi. Lakini kwao Kithimani hawajaniona, na kwetu Kibwezi hawajamwona. Wazee wake hawajapeleka mbuzi kwetu, na kwa Wakamba, kabla ya hao mbuzi wa kwanza, mwanamke ni mgeni aliyekaa sana.

Mwezi wa kumi nilimwambia niko na mimba. Alifurahi. Alikuwa anaosha miguu kwa karai, akacheka peke yake akitazama maji, halafu akasema, "Krismasi nakupeleka nyumbani. Wakuone."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimesikia, na yeye alijua nimesikia.

Kwetu mtoto wa kwanza huchukua jina la upande wa baba. Akiwa mvulana ni la babu, akiwa msichana ni la nyanya. Lakini jina hilo halichukuliwi sokoni, hutolewa na wenyewe. Mtoto ambaye mama yake hajawahi kuingia boma la kina baba ataitwa jina la kina mama, na kila atakapoitwa watu wataelewa bila kuambiwa. Nilimaliza darasa la nane na watoto wawili wa namna hiyo. Walimu walipokuwa wakiita majina asubuhi, hao wawili waliitika wakitazama dawati. Kwa hiyo Krismasi hiyo sikuwa nangoja nguo wala nyama. Nilikuwa nangoja kuonekana.

Ulikuwa mwaka wa mvua ya El Nino. Ilinyesha mpaka machimbo yakajaa maji na watu wakawa wanakaa siku nzima wakicheza karata chini ya mabati. Wiki ya Krismasi Festus alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akasema bila kunitazama:

"Daraja ya kwetu imeenda na maji. Hakuna gari inavuka."

"Na kupitia Thika?"

"Kupitia Thika ni kuzunguka dunia, na wewe uko hivyo." Akaonyesha tumbo kwa kidevu. "Lakini hatutakaa hapa kama watu hawana mbele. Twende tuone Machakos. Umewahi kuona Machakos?"

"Nimeiona kwa kitabu ya GHC, shuleni."

Akacheka sana. Festus akiwa na wasiwasi hucheka sana.

Chumba tulipewa na Khadija. Mama mkwe wake ana nyumba ya zamani Machakos, si mbali na msikiti, na uani kuna vyumba vya kupangisha. Mwalimu aliyekuwa akikaa kimoja alikuwa amekwenda kwao likizo. Khadija na Ramadhan nao walikuwa wanakwenda kumwona mama, basi tukaenda wote, sisi na wao, kama jamaa moja.

Machakos ilikuwa kijani. Milima imeuzunguka mji kama watu wanaotazama mchezo, na mwaka huo ilikuwa na majani mpaka juu. Kuta za maduka zilijaa karatasi za wagombea, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unafuata Krismasi, na mvua ilikuwa imewachuruza wino usoni wote sawasawa. Tulitembea. Festus alinishika mkono mahali penye matope na kuuachilia mahali penye watu. Tuliona stediamu kwa nje. Tuliona mahakama, pia kwa nje. Tulikula samosa mbele ya bucha ambayo Ramadhan alisema ni ya binamu yake, ingawa binamu mwenyewe hakumkumbuka.

Karibu na soko kulikuwa na wapiga picha, kila mmoja na maua yake ya plastiki na kiti chake. Mmoja akatuita.

"Bwana na bibi, kaeni hapa! Krismasi ni mara moja!"

Nilikaa kwenye kiti. Festus akachukua kiondo changu kutoka miguuni pangu.

"Mpige yeye," akamwambia. "Mimi nishike hii isiharibu picha."

"Kiondo ni maridadi, haiharibu. Ingia, mzee, usiogope, hii si polisi."

"Mpige yeye tu."

Basi nikapigwa peke yangu. Kwenye picha hiyo nimetazama kando kidogo. Aliye kando ni Festus, lakini hayumo.

Kiondo chenyewe ni cha mistari ya kahawia na ya rangi ya majani makavu, kimefumwa kwa kukazwa kiasi kwamba ukimwaga uji hauvuji upesi. Festus alikileta mwezi wa tisa alipotoka kwao. Alisema amekinunua soko la Kithimani. Mkanda wake ni wa ngozi.

Siku iliyofuata alinipeleka Kituluni. Kule watu wa Machakos wana kipande cha barabara ambapo maji yakimwagwa, wanasema, hupanda mlima. Festus alikuwa amebeba maji kwenye chupa ya soda. Akachuchumaa katikati ya barabara na suruali yake nzuri, akamwaga. Maji yakasimama kidogo, yakajivuta, yakaanza kwenda upande ambao macho yangu yalisema ni juu.

"Unaona? Inapanda!"

"Naona."

"Hushangai?"

"Nashangaa."

"Sasa mbona hufungui mdomo?"

Wanawake wawili waliokuwa wanapita na mizigo ya kuni walisimama wakatutazama. Mmoja akamwambia mwenzake, "Hawa ni wa Nairobi. Wamekuja kufundisha maji njia." Wakaenda zao wakicheka. Festus alimwaga chupa yote.

Tulirudi tukapitia soko. Nilitaka nyanya. Mwanamke mmoja alikuwa amezipanga mafungu mafungu juu ya gunia, nyekundu, ngumu, vikonyo bado ni kijani.

"Nyanya ya Yatta! Imeingia leo!"

Kithimani iko Yatta. Nikaokota moja, nikaigeuza.

"Imeingia leo asubuhi?"

"Leo asubuhi, mama. Ona hiyo umande."

"Imepitia wapi?"

"Imepitia barabara. Nyanya hairuki."

Festus alikuwa hapo karibu, ameinamia vitunguu. Hakuinuka. Alichagua kitunguu, akakirudisha, akachagua kingine. Halafu akanivuta mkono wa sweta. "Twende, mvua inakuja." Nilitazama juu. Mawingu yalikuwa mbali, upande wa milima ya Mua. Nikamfuata. Ndipo nilipotambua kwamba tangu tufike hatujawahi kupita stendi ya magari. Kila tulipoikaribia, Festus alikuwa na njia ya mkato.

Sikumwambia kitu. Mtu akikudanganya kuhusu daraja, ukimwambia daraja lipo atatafuta mto mwingine. Afadhali ulione daraja kwanza.

Siku ya kuamkia Krismasi, Ramadhan alimwomba Festus amsaidie kuchagua mbuzi huko mnadani, kwa sababu Festus ni Mkamba na wauzaji wasingemwonea. Walipotoka nikavaa viatu, nikachukua kiondo, nikamwambia Khadija naenda kunyoosha miguu. Akasema naye ana leso za kutafuta, tutaonana huko huko.

Nilikwenda stendi. Niliuliza magari ya Kithimani hushusha wapi, nikaonyeshwa. Mbele ya hapo palikuwa na kibanda cha chai cha mwanamke anayeitwa Nduku, mabati matatu, meza na mabenchi, sakafu ya udongo. Nikaketi kwenye benchi la mbele. Nikaagiza chai. Kwenye kiondo nilikuwa na mawe yangu laini, yale wanayokula mama wajawazito, nikawa natafuna kidogo kidogo nikitazama barabara.

"Unangoja mtu?" Nduku akauliza.

"Naangalia tu."

"Kuangalia si pesa. Kunywa chai."

Gari likaja. Lilikuwa na matope mpaka kwenye vioo, lakini lilikuwa limekuja. Ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu: Kithimani, Machakos. Watu wakashuka na kuku na mafurushi. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kahawia na gunia tupu limekunjwa kwapani. Alitazama huku na huku, akaja moja kwa moja kwenye chai.

"Wi museo, mwiitu?" Akanisalimia kwa Kikamba vile mzee husalimia msichana yeyote.

"Ni museo, asa," nikaitika. Asa ni baba, na kila mzee huitwa hivyo.

Akanipa mkono, nikaupokea. Kiganja kilikuwa kigumu, kina alama za sindano. Akaketi kando yangu, akaagiza chai na mandazi mawili.

"Mzee, umekuja na ndege?" Nduku akamwambia. "Tunaambiwa huko kwenu ni bahari."

"Bahari ilikuwa. Sasa ni matope ya kawaida."

"Na daraja?" nikauliza.

"Daraja iko. Ilifunikwa mwezi jana siku chache, maji ikashuka, ikamwagwa mawe. Tunavuka kila siku. Nani alikwambia haiko?"

"Mtu."

"Huyo mtu hapendi kusafiri."

Nduku akacheka mpaka chai ikamwagika. Mzee hakucheka, lakini alifurahi kuchekesha. Akanisukumia mandazi moja. Nikala. Akaniuliza mimi ni wa wapi, nikasema Kibwezi. Akauliza nafanya nini Machakos Krismasi, nikasema natembea.

"Natembea," akarudia, kama mtu anayeonja kitu kipya. "Siku hizi watu wanatembea Krismasi. Mimi nimekuja kutafuta sukari, kwetu maduka imekauka. Nanunua narudi. Mama amenituma na haraka, na hata sijui haraka ni ya nini. Kijana wetu mkubwa ametuma neno hatakuja. Eti kazi imekataa kumwachilia. Mawe inakatwa hata Krismasi?"

"Labda ni mawe ya mbinguni," Nduku akasema.

Vijana wa Yatta wanaokata mawe ni wengi. Nilijiambia hivyo. Lakini niligeuka nikatazama sikio lake, lililokuwa upande wangu. Lilikuwa limesimama mbali na kichwa, na ncha yake imejikunja kidogo kama jani la kunde. Sikio hilo nalijua. Nimelitazama asubuhi nyingi kabla mwenyewe hajaamka.

Nilitaka kunyanyuka. Sikunyanyuka, kwa sababu angeuliza ni kwa nini.

"Hiyo mkanda yako inakufa," akasema. Alikuwa ametazama kiondo. Kweli, upande mmoja uzi ulikuwa umelegea. "Lete. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mama anafuma, mimi nashona mikanda."

"Wacha tu, asa. Nitashona."

"Utashona na nini, na meno? Lete."

Akakichukua akakiweka magotini. Akatoa mfukoni sindano kubwa iliyochomekwa kwenye kizibo. Kabla ya kushona akatazama ndani asije akachoma kitu, akaona yale mawe laini, akatabasamu.

"Aa. Kumbe kwa hii benchi tuko watatu."

Akakata uzi wa zamani kwa wembe. Akageuza mkanda, upande wa ndani ukawa juu. Pale mwisho wa ngozi palikuwa na alama ndogo iliyochomwa kwa msumari wa moto, kama mguu wa ndege. Nilikuwa nimeiona siku nyingi, nikadhani ni ya ngozi yenyewe. Mzee aliishika kwa kidole gumba. Akaipapasa. Hakupapasa kama mtu anayetafuta kujua.

"Hii ulipata wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nililetewa na bwana. Alinunua Kithimani."

"Haikununuliwa," akasema. Na hilo hakuniambia mimi. Alikuwa tayari anamtazama Nduku.

Hapo ndipo alipoinuka. Alikiweka kiondo chini, hakukitupa. Alikiweka chini kwa sababu hangeweza tena kunikabidhi mkononi. Akavuka, akaketi kwenye benchi la mwisho, akatazama ukuta wa mabati. Chai yake akaiacha, na mandazi lenye alama ya meno.

Wazee wetu wana kitu kinachoitwa nthoni. Ni haya, lakini si haya ya mtu aliyekosa. Mwanamume na mama mkwe wake, au mzee na mke wa mwanawe, hawakai benchi moja, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani machoni, mpaka mambo ya kwao yafanywe yaishe. Vijana wengi wameacha. Wazee kama huyu hawajaacha. Na mtu hamfanyii nthoni mwanamke aliyekutana naye njiani. Hamfanyii jirani, wala rafiki wa kijana wake. Kuna mwanamke wa namna moja tu ambaye mzee huyo angemhamia benchi.

Niliinamisha kichwa. Khadija aliona vizuri. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nduku alitutazama, mimi, kisha yeye, kisha mimi. Ni mtu wa Masii, Mkamba kama sisi, alielewa mara moja. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Haya," akasema. "Kumbe leo niko na wageni wakubwa."

"Nduku," mzee akauambia ukuta. "Mwambie huyo mama, hicho kiondo kilifumwa na mama ya Festus. Tuliambiwa Festus yuko na mtu. Tukasema apelekewe kitu ya kubebea."

Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwake. Nduku alisimama katikati akanigeukia.

"Anasema kiondo ni cha mama ya Festus. Mlituma... walituma. Ni yako."

"Nimesikia."

"Sema nimwambie nini, usiseme umesikia. Kazi ni yangu."

"Mwambie asante. Mwambie sikujua."

"Anasema asante, hakujua."

"Najua hakujua," mzee akasema. Kisha: "Mwambie asile mawe mingi. Inafunga tumbo."

"Anasema usile mawe mingi, inafunga tumbo."

"Mwambie nitapunguza."

"Atapunguza, mzee. Lakini mimi nilikula ndoo nzima na nikazaa mapacha."

Hapo ndipo Festus alipokuja. Alikuwa amerudi na Ramadhan, akaambiwa nimetoka, akanitafuta mpaka akafika mahali alipokuwa anapakwepa. Aliniona mimi kwanza, akaanza kusema kitu. Halafu akaona kofia.

Alisimama. Kisha akaenda akampa baba yake mkono kwa mikono yote miwili.

"Asa. Umekuja lini?"

"Kazi imekuachilia?"

"Leo tu. Nimepata nafasi kidogo."

"Ni vizuri." Mzee bado hakugeuka. Kwa kidole gumba akaonyesha nyuma, upande wangu. "Na huyu?"

Festus alinitazama. Aliona mabenchi mawili na watu wawili waliopeana migongo. Aliona mandazi. Aliona kiondo chini na mkanda unaning'inia. Kila kitu kilikuwa mbele yake kimepangwa kama zile nyanya. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

"Huyu ni jirani," akasema. "Tunakaa ploti moja Athi River."

Chai ilikuwa inachemka jikoni, ikapanda, ikamwagikia makaa. Nduku hakuiepua.

"Jirani," mzee akasema. "Kama ni jirani, basi nimehama benchi bure. Ningemaliza mandazi yangu."

Masikio ya Festus yalikuwa mekundu, yote mawili, na ya baba yake pia.

Mzee aliinuka akachukua gunia lake. Hakumtazama mwanawe, akaongea na Nduku.

"Mwambie mwenye kiondo, mama amechagua mbuzi. Mwambie Krismasi kuna gari ya asubuhi. Mimi nitakuwa upande wa zizi, sitakuwa njiani. Jikoni ni kwa mama, aingie bila wasiwasi. Na huo mkanda nimeukata, lazima niumalizie."

Nduku akanigeukia, akafungua mdomo.

"Nimesikia," nikamwambia.

Mara hii hakunigombeza. Mzee akaenda kutafuta sukari yake.

Tulirudi kwa miguu, Festus mbele kidogo. Karibu na msikiti akasema, "Nilishtuka tu." Mbele tena akasema, "Sikutaka tufike mikono mitupu. Nilitaka wazee waende kwenu kwanza, na mbuzi, nikupeleke kama mtu. Mambo iko na wakati wake." Huenda ni kweli. Festus si mtu mbaya. Lakini alikuwa amewaambia wa kwao ni kazi na mimi akaniambia ni daraja, na mtu anayengoja wakati tu hahitaji maneno mawili tofauti.

Jioni Khadija aliwasimulia wanawake wa uani nilivyokataliwa. Alipomaliza akaja chumbani, akaketi kando ya kitanda, akanipapasa mgongo.

"Shoga, usiumie. Wazee wana roho ngumu. Muhimu mume anakupenda. Mzee akikukimbia, kijana si yuko?"

"Yuko."

"Ndo hivyo. Tena nilimwona kaja mbio kukutetea."

Ningemweleza. Ningesema yule mzee ndiye mtu pekee Machakos nzima aliyeniita mke siku hiyo, na aliniita kwa mgongo. Lakini Khadija angeuliza, sasa kijana yeye alikuitaje? Nikamwambia asante. Akaniletea leso moja kati ya zile alizonunua, akanifunika miguu.

Asubuhi ya Krismasi kengele za kanisa zilianza mapema. Uani kulinukia mahamri; mama mkwe wa Khadija alikuwa anayakaanga kwa ajili ya majirani Wakristo, kama anavyofanya kila mwaka. Festus alikuwa ameoga na kuvaa shati jipya. Alikuwa na furaha ile yake ya sauti kubwa.

"Leo twende Iveti, juu kabisa. Wanasema ukisimama huko unaona mpaka Nairobi. Tubebe soda. Lete kiondo, nishone huo mkanda kwanza."

Alikuwa ameazima sindano na uzi kwa Khadija. Uzi ulikuwa mweupe, wa nguo, mwembamba mno kwa ngozi. Akaketi mlangoni penye mwanga, akakivuta kiondo.

Niliweka mkono juu yake.

"Wacha. Kuna mwenye kuumalizia."

Akabaki ameshika sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine.

"Gari ya Kithimani iko stendi," nikamwambia. "Nilitoka alfajiri nikaenda kuangalia. Inangoja ijae. Nimefunga nguo zangu, na zako pia." Alitazama pembeni, akaona mfuko. "Festus, nipeleke kwenu."

Uani Khadija aliita kwamba mahamri yanapoa. Mtoto fulani akapiga filimbi ya plastiki, akaambiwa anyamaze. Festus aliulamba uzi, akauzungusha kati ya vidole mpaka ncha ikawa kali, akainua sindano kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akawa anatafuta tundu.